Kisosi cha Mama

Nilikula chakula cha mama yangu. Nalisema mwenyewe mapema ili shangazi asipate raha ya kunitangulia. Nilikula wali wake wa mchana, nilikula ugali wake wa jioni, na asubuhi nyingine nilikula hata uji wake uliokwisha kuota ngozi juu. Nilikula nimekaa kwenye kigoda jikoni, mlango nimeurudisha, si kwa kujificha bali kwa sababu kuku wa jirani hawana adabu. Hilo nimelikiri. Yaliyobaki sikiri, nasimulia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na mkeka. Nina miaka arobaini na sita, yote nimeikaa Ifakara, na Mlimba, ambako kaka yangu ananunua na kuuza mpunga, nimefika mara mbili tu. Zote mbili zilikuwa misiba, na zote mbili niliulizia treni ya kurudi kabla sijavua viatu. Nauza vitumbua barazani kwangu. Biashara hiyo niliichagua kwa makusudi: wateja ndio wanaotembea. Kidato cha nne nilimaliza, Biolojia nikapata D, D ya halali niliyoitolea jasho. Mwili wangu nao umefuata tabia yangu, umekaa. Bodaboda akinibeba huniambia, "Mama, kaa katikati," kana kwamba kuna pembeni iliyobaki.

Mama mzazi alikuwa kinyume changu. Miaka ya nguvu zake alilima upande wa Malinyi, na mpunga ukianza kujaa alihamia dunguni, kwenye kichanja cha shambani, mwezi mzima kuamia ndege wasile mpunga: kamba mkononi, makopo yananing'inia shamba zima, na sauti iliyofika ng'ambo ya maji. Nilipelekwa huko mara moja nikiwa mtoto. Nililia mpaka nikarudishwa.

Mvua za mwaka jana alipata homa. Homa ilipoondoka iliondoka na hamu yake ya kula, kama mgeni anayeaga kwa heshima kumbe mfukoni ana kanga ya mwenyeji. Akawa mtu wa kitandani na kitini. Akili nzima, ulimi wa kutania mzima, ila nyama zilikuwa zinamtoka kimya kimya. Nilipomwinua nilihisi bega lake mkononi kama ufito.

Nami nilifanya kile ambacho mtoto yeyote wa bondeni hapa angefanya. Nilimjengea.

Nieleze kidogo kwa asiyetujua. Kwetu mtu mzima hapakuliwi wali, anajengewa. Sahani ya mzee lazima iwe na kilele. Ukimpakulia mama yako wali ukaishia usawa wa ukingo wa sahani, jirani akipita akaona, Jumapili utaulizwa nje ya kanisa kama nyumbani kuna njaa au kuna ugomvi. Mpunga tunalima wenyewe, mkono mfupi wa nini? Basi kadiri mama alivyokonda ndivyo nilivyozidisha kilele. Nilichukua ile sahani kubwa ya bati yenye maua mekundu, nikampandishia wali, nikamlaza perege juu yake, nikamwekea mbele. Kabla ya hapo nilimnywesha kikombe kizima cha uji, eti wa kufungua tumbo.

Mama aliutazama ule mlima. Alikula matonge matatu, kwa adabu, kama mtu anayekula kwa watu. Halafu akasema, "Nimeshiba mwanangu. Ondoa."

Kuondoa ni rahisi. Swali ni kupeleka wapi. Wali hautupwi. Mama huyohuyo ndiye aliyetufundisha kuokota punje moja moja mkekani, akituambia kila punje imepigiwa kelele. Mbwa hatuna. Kuku wa jirani nimeshawataja. Basi ule mlima ukaishia kwangu, na hivyo ndivyo tulivyoingia mwaka mpya, mama anapungua, mimi naongezeka, wali ni uleule.

Shangazi alikuja kutoka Malinyi kumwona mgonjwa. Shangazi ni dada wa marehemu baba, kwa hiyo kwa mama ni wifi, na wifi hawa wawili wametaniana tangu siku ya harusi bila kupumzika. Alisimama mlangoni na kikapu kichwani.

"Wifi, umekauka kama kambale wa moshi!"

"Kambale wa moshi anakaa," mama akajibu kutoka kitandani. "Wewe uliye mbichi jihadhari na jua."

Wakacheka. Mimi nikasema shikamoo, akasema marahaba huku akinipima kwa macho kutoka juu kwenda chini na, safari ikiwa ndefu, kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya pili mchana aliingia jikoni kutafuta chumvi, akanikuta kwenye kigoda na sahani ya maua mekundu mapajani, perege wa mama yuko nusu.

Angesema ningemjibu. Alichukua chumvi, akatoka barazani, akampigia kaka simu kwa sauti ya mtu ambaye haamini kwamba simu inafikisha.

"Mwanangu, mama yako anaisha na mdogo wako anaumuka. Mimi ni mzee, sijasoma. Wewe uliyesoma jumlisha mwenyewe."

Jioni kaka akanipigia. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoniudhi.

"Nasikia mama anakonda."

"Anakonda."

"Na wewe?"

"Mimi sikondi, kaka."

"Sisemi kwamba nakushuku," akasema, na hapo nikajua. "Lakini mavuno yakianza nakuja na treni. Nitamchukua akae kwangu. Wifi yako atamtunza."

Simu ilipokatika nilikaa barazani nikiitazama barabara. Nalijua jiko la wifi yangu. Ana mkono mkubwa kuliko wangu, anapakua kwa mapenzi, na nyumba yake imejaa vibarua na wateja wa mpunga kutwa. Akilini nilimwona mama yuko Mlimba, nyumba ya ugenini, amewekewa mlima mbele, anakula matonge matatu kwa adabu, anasema nimeshiba, watu wanaamini, sahani inaondolewa. Nilijua hatarudi. Na sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa na mwili huu, ambao kila aliyeutazama alikuwa amekwisha kunihukumu.

Basi nikafanya jambo zito. Nikatoka nyumbani.

Nilikodi bajaji, nikamfunga mama kanga mbili, tukaenda kituo cha afya. Daktari alikuwa kijana, mikono ya shati imekunjwa, anamwita mama bibi na mimi ananiita mama, nikajisikia tumemjia ukoo mzima. Alimpima sukari, presha, kifua, damu, akamwangalia meno na kinywa. Akamweka kwenye mizani, akaandika kwenye kadi. Majibu yalipotoka hakukuwa na ugonjwa aliouona. Akavuta kiti karibu, nikamweleza ule mlima, uji wa kufungua tumbo na matonge matatu.

"Bibi, njaa unaisikia?"

Mama akafikiri. "Njaa naikumbuka," akasema.

Kijana hakucheka. Alichana ubavu wa boksi la glovu, akachora tumbo, akachora kichwa, akavuta mishale. Alichora vibaya kuliko mimi niliyepata D.

"Mama, njaa haiamuliwi na tumbo peke yake," akaniambia. "Tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa ghrelini. Inasafiri na damu mpaka kwenye ubongo, kazi yake kusema: leteni. Ukila, utumbo unatoa homoni nyingine zinazosema: basi, inatosha. Mafuta ya mwili nayo yanatuma yao, leptini, kueleza kwamba ghalani kuna akiba. Sasa kwa wazee wengi ile sauti ya 'inatosha' inawahi kufika, tena inakaa sana. Ya 'leteni' mara nyingi haina nguvu kama zamani. Pua imechoka, ulimi umechoka. Bibi akikwambia ameshiba kwa matonge matatu, hadanganyi, wala hana hasira na wewe. Ameshiba kweli."

Mama aliitazama ile picha. "Ni kama dunguni," akasema.

"Vipi, bibi?"

"Wa mwisho wa shamba akiona ndege anapiga kelele, wa katikati anasikia, anavuta kamba. Kwangu mimi, wa mwisho wa shamba amekauka koo." Akagusa tumbo lake. "Ndege wanakula, na sisi tumekaa."

Kijana alimkodolea macho. Nilijisikia fahari kana kwamba nimemzaa mimi.

"Basi hapo ndipo mnapokosea," daktari akanigeukia. "Mlima unamshibisha kwa macho. Na huo uji wa kabla ya chakula ndio unaofunga mlango kabisa. Mpe kidogo, mara nyingi, mara saba, mara nane kwa siku. Kijiko cha karanga, yai, samaki, tui. Kiwe na harufu. Na asile peke yake, mtu akila na mwenzake hula zaidi. Wiki mbili mrudi tupime."

Nikasema kwa utani, maana nikiona aibu hutania, "Basi homoni zake zote za 'leteni' zimehamia kwangu."

Nilitegemea acheke. Akauliza, "Unalala, mama?"

Nikamwambia. Namgeuza mama, nampeleka chooni, ananiita maji, ananiita shuka, halafu saa kumi naamka kukoroga unga wa vitumbua. Usingizi wangu ni wa vipande, kama kitambaa cha viraka.

"Mwili usiolala," akasema, "mara nyingi ghrelini yake hupanda na leptini hushuka. Unaamka na njaa ambayo chakula cha jana hakina habari nayo. Halafu mtu mnene leptini anayo tele, ila ubongo umezoea, hausikii. Umewahi kuishi karibu na mashine ya kukoboa?"

"Nyumba ya tatu kutoka hapo."

"Unaisikia?"

Nikatafakari. Miaka kumi na tano mashine ile inanguruma nyuma ya nyumba yangu. Wageni wanapiga kelele wakizungumza kwangu, mimi nawauliza wanagombana na nani.

Nikamsimulia basi ile aibu yangu ya kabichi. Ilikuwa harusi ya binamu, nikaapa gauni litanitosha. Miezi miwili nilikula kabichi mpaka nikanuka kabichi, nikapungua, nikapigwa picha nzuri moja. Baada ya harusi njaa ilinirudia kama jeshi. Watu walisema nimeshindwa kujizuia. Kijana akaniambia mwili ukipungua huhesabu ni hatari, hupandisha sauti ya njaa ili urudi ulipotoka.

"Kwa hiyo huu si ulafi?" nikauliza. Nilitamani aniandikie kwenye karatasi, apige muhuri.

"Sijasema hivyo, mama," akatabasamu. "Nimesema kuna anayekusukuma. Usimsaidie."

Tukarudi. Nikaichukua ile sahani ya maua mekundu, nikaiweka juu ya kabati, nikashusha kisosi. Kisosi cha chai, cheupe, kimekwanguka ukingo. Nikaweka wali vijiko vinne, mnofu wa samaki kitoga usio na mwiba, tui juu. Nikampelekea mama.

Mama alikitazama kisosi, akanitazama mimi. Macho yakamjaa maji.

"Nimekukosea nini?" akasema.

Hilo sikulitarajia. Alikuwepo kwa daktari, alikuwa ametoa mpaka mfano. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwekewa kisosi mbele yako ukiwa umelisha watoto wako kwa masinia ni jingine. Akageukia ukutani. Kisosi cha kwanza hakikuliwa, wala cha pili. Nilikaa jikoni nikifikiri nitoe tena ile sahani. Ningempa heshima yake, angekula matonge matatu, kila mtu angefurahi, tungemzika kwa heshima zote.

Sikuitoa. Kesho yake mchana niliingia chumbani na visosi viwili, kimoja cha kwake, kimoja cha kwangu, nikakaa kwenye mkeka mbele yake, nikaanza kula changu kwa kijiko kidogo.

Mama akageuka.

"Wewe na kisosi," akasema. "Kama kiboko anayeoga kwenye beseni."

Akacheka mpaka akakohoa. Na alipokuwa akicheka mkono ukaenda wenyewe kwenye kisosi chake. Akamaliza. Vijiko vinne tu, lakini kisosini hapakubaki kombo. Mimi changu nilikimaliza zamani, na sitaficha kwamba jikoni niliendelea na sufuria.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Saa moja kisosi, saa tatu kisosi, saa tano karanga za kusaga kwenye ndizi. Jirani akaona, akauliza kama vyombo vyetu vimevunjika. Nikamwambia, "Ndiyo, vyote, tuletee sahani zako." Akaenda.

Mwezi wa nne mpunga wa mapema ukaanza kuiva. Mtu mmoja wa Kiberege anayenunua vitumbua kwangu akaniletea mpunga mchanga, ule ambao punje bado ina maziwa yaliyoganda. Nikaukaanga, nikautwanga ukiwa wa moto mpaka ukalala bapa, nikapepeta. Ndiyo pepeta. Harufu yake sijui niifananishe na nini, ni majani na moto na maziwa kwa pamoja, na haitulii jikoni, inatembea.

Kutoka chumbani nikasikia, "Nani anakaanga?"

Nikaacha mchi hewani.

"Nani anakaanga pepeta, nauliza! Mnakula peke yenu?"

Tangu homa ile mama hakuwahi kuomba chakula. Niliilowesha kwenye tui lenye sukari kidogo ili fizi zisimsumbue, nikampelekea. Akala. Akanyoosha kisosi nikiongeze. Niligeuka kwenda jikoni haraka, maana nikilia mimi hulia na mwili wote, na kitanda chake ni cha zamani.

Kaka aliteremka kwenye treni wiki iliyofuata. Shangazi alikwisha kufika kutoka Malinyi siku moja kabla, na hakuficha sababu. Walikaa sebuleni, mama katikati kwenye kiti chake. Nikatoa kadi ya kituo cha afya, mizani imepanda. Kidogo, lakini imepanda.

"Karatasi," shangazi akasema. "Karatasi hata mimi ninazo. Leo napika mimi. Tuone kama huyu mama hali, au halishwi."

Akapika wali na kuku wa kienyeji. Akatafuta, akaiona sahani ya maua mekundu juu ya kabati, akaijenga mpaka kilele kikamgusa kidevu alipoibeba. Mama akaitazama. Akala matonge matatu, kwa adabu.

"Nimeshiba, wifi. Asante."

"Umeona?" shangazi akamgeukia kaka. "Anaogopa! Anajua mwenye zamu ya kumalizia yuko hapa."

Nikasimama, kiti kikasema neno lake la kawaida, nikaenda nikachukua kisosi. Nikachota vijiko vinne kwenye ule mlima mbele ya macho yao, nikachambua paja la kuku nyuzi nyuzi, nikamwagia mchuzi. Sahani nikaifunika kawa.

"Mama mzima unamlisha kwenye kisosi kama paka?" shangazi akapaza sauti. "Mwenyewe na mwili huo?"

"Ndiyo, shangazi. Kisosi kwa kisosi. Na mwili huu nimekuja nao mwenyewe, sikuuazima kwako. Mama akitoka hapa kwenda kuwekewa milima ya watu, atakufa kwa adabu. Sitoi ruhusa."

"Huna ruhusa ya kutoa wala kunyima. Wewe ni mtoto."

"Basi muulizeni mama."

Kaka akainamisha kichwa. "Mama," akasema taratibu, "ni kweli alikuwa anakula chakula chako?"

Mama alikuwa ameanza kisosi. Alimeza kwanza.

"Nilikuwa namwachia," akasema.

Chumba kikatulia, mashine ya kukoboa nikaisikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Mtu ananiinua usiku mara nne. Asubuhi anakoroga unga amefumba macho. Nimeshiba mimi, naona sahani imejaa, nimalize ili iweje? Nikasema huyu angalau ale. Nikibanwa nile tonge la nne, naliacha, ni lake." Akanitazama. "Ila sikujua ungemaliza yote."

Hata shangazi aliuma midomo asicheke. Mimi sikucheka. Miezi yote ile nilidhani nakula kombo, kumbe nililishwa.

Jambo halikuisha hapo, maana kaka si mtu wa kukata shauri mbele ya wanawake watatu wanaomwangalia. Treni ya kurudi ilikuwa baada ya siku tatu. "Nitakaa nione," akasema. Akaona. Alihesabu visosi: saba siku ya kwanza, nane siku ya pili. Jioni ile akaniambia, kwa upole wake, "Leo wewe kalale. Mama nitamwamkia mimi."

Nililala. Sina la kusimulia kuhusu usiku ule, na hiyo ndiyo sifa yake.

Asubuhi nilichelewa kuamka, nikamkuta barazani na shangazi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Nikawasha jiko, nikaanza kuchoma vitumbua, nikawa napanga kwenye beseni karibu naye. Akawa anazungumza, ananieleza kwamba hakujua mama huita mara nyingi vile, maji, shuka, saa ngapi, jogoo yule wa nani. Mkono wake unaenda kwenye beseni, unarudi. Unaenda, unarudi. Mimi nachoma tu. Mteja wa kwanza alipokuja nikahesabu.

"Kaka, umekula kumi na kimoja."

"Nani?"

"Wewe. Na chai hujanywa bado."

Akaitazama mikono yake imejaa mafuta. Ni mtu mwembamba, maishani mwake hajawahi kuitwa mlafi. "Lakini bado nina njaa," akasema, kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeshtaki.

"Usiku mmoja huo," nikasema. "Mimi nina mwaka."

Sikumweleza ghrelini wala leptini. Ubavu wa boksi la glovu nilikuwa nimeutundika jikoni karibu na dirisha, na nilimwona baadaye amesimama mbele yake na kikombe cha chai, anafuata mishale kwa kidole.

Siku ya treni mama hakufungiwa mzigo. Kaka alimpigia mkewe simu akamwambia binti yao mkubwa aliyemaliza shule atakuja kukaa nasi, alale chumba cha bibi yake siku tatu kwa wiki. Mama akamwambia, "Nenda salama. Mwambie mkeo nampenda, lakini mlima wake sitaupanda." Nilimfungia pepeta kwenye gazeti. Kabla bodaboda haijawashwa, gazeti lilikwisha kufunguliwa.

Shangazi aliondoka jioni yake, kikapu kichwani. Hakuomba radhi, na mimi sikumtegemea. Mlangoni akageuka.

"Na wewe utapungua lini?"

Najua wasomaji nanyi mnaliuliza, mmelibeba tangu mwanzo. Sijapungua. Nalala zaidi, njaa ya asubuhi imepunguza makelele, gauni la Pasaka bado linanibana palepale lilipokuwa linabana. Huenda nitapungua, huenda sitapungua, na katika yote mawili vitumbua nitachoma.

"Shangazi," nikamwambia, "shikamoo ya safari."

"Marahaba," akasema, na akachukua vitumbua viwili bila kuuliza.

Nyuma yangu mama akaita kutoka chumbani. Nilidhani ni maji, au shuka, au yule jogoo.

"Saa imefika," akasema. "Kisosi kiko wapi?"